Marahaba ya Mwalimu Asiyechoka

Nchi ninayoisimulia haipo, kwa hiyo msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani, wala asichungulie dirishani. Inaitwa Jamhuri ya Tumefika. Waasisi waliipa jina hilo asubuhi ya kwanza ya uhuru, kabla safari haijaanza, ili kuwapunguzia wananchi usumbufu wa kwenda. Tangu siku hiyo, mtu akiuliza mambo yanaelekea wapi huonekana hakulelewa vizuri.

Katika nchi hiyo alikuwepo mwalimu mmoja, Erasto Mbwilo, aliyefundisha insha katika Shule ya Msingi Lwisa, kando ya mto wa jina hilo hilo. Alikuwa na miaka hamsini na minne, magoti yanayouma, na kalamu nyekundu iliyoshinda mfukoni mwa shati mpaka mfuko wenyewe ukawa mwekundu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mtoto akiandika kwamba alipanda ndege kwenda kumwona shangazi yake, na shangazi akawapikia pilau watu elfu moja, Mwalimu Mbwilo aliandika pembeni neno moja tu: "Ulikuwepo?"

Shule nzima ililijua neno hilo. Walitaniana nalo kwenye foleni ya uji, na mtoto akijaribu kutunga uongo nyumbani, mdogo wake alimtazama tu na kumwuliza, ulikuwepo? Waliokwisha kulipata mara tatu au nne waliacha kupanda ndege. Wakaanza kuandika juu ya mbuzi wao, bibi zao, na mto. Insha zikawa fupi, zikawa za kweli, na hapo ndipo balaa la Mwalimu Mbwilo lilipoanzia, kwa sababu mkaguzi alipozisoma aligundua kwamba shule haina vyoo. Alikuwa ameikagua miaka sita mfululizo bila kuambiwa jambo hilo na mtu yeyote, akaiandikia wizara kwamba tatizo ni insha.

*

Mwaka huo huo Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Furaha alirudi kutoka ng'ambo akiwa na suluhisho ndani ya boksi. Alilifungulia uwanjani, mbele ya bendi.

"Ndugu wananchi," alisema, "mwalimu wa kawaida husahihisha insha baada ya mtoto kuimaliza. Maana yake ni nini? Maana yake tunamwacha mtoto akosee peke yake kwa dakika arobaini nzima, bila serikali kuwa karibu naye. Jambo hili mimi linaninyima usingizi. Kuanzia leo, mtoto wa Tumefika hatakosea hata sentensi moja kabla sisi hatujajua."

Watu walipiga makofi, wengine kwa furaha, wengine kwa sababu mjumbe wa nyumba kumi alikuwa anawaangalia.

Suluhisho liliitwa Mwalimu Asiyechoka. Lilikaa ndani ya kishikwambi, na kila nyumba yenye mwanafunzi ilipewa kimoja. Mtoto akiandika sentensi, maoni yanatokea pembeni ya kioo papo hapo. Sentensi ikipendeza, taa ya kijani inawaka. Insha ikipata taa saba inajituma yenyewe wizarani. Isipopata haiendi popote, na mwanafunzi ambaye insha yake ya mwisho haikwenda anahesabika kuwa hakusoma darasa la saba, na sekondari haimtambui.

Wazazi nao waliitwa wakaweka saini. Karatasi ilisema kwamba kishikwambi ni mali ya Taifa, na kwamba kikilowa, kikivunjika au kikipotea, mzazi atatoa maelezo mbele ya vyombo husika. Watu wa Lwisa walikuwa wanavifahamu vyombo husika. Kijana mmoja wa hapo aliwahi kwenda kutoa maelezo, na mpaka leo bado anaeleza. Kwa hiyo kila mama alikifunga kishikwambi kwenye nailoni, akakizungushia kanga, akakiweka juu ya kabati palipokuwa na Kitabu cha Mungu.

Kalamu nyekundu zilikusanywa nchi nzima zikachomwa moto. Zilikuwa za plastiki, na moshi wake ulimfanya Mheshimiwa akohoe katikati ya wimbo wa taifa. Walimu wa insha wapatao elfu nne walishukuriwa kwa kuchoka kwao, wakaruhusiwa kwenda. "Kuvunjika kwa koleo," Mheshimiwa aliwafariji, "si mwisho wa uhunzi." Hakuwaambia huo uhunzi uliobaki uko wapi.

*

Wiki mbili hazijapita, Mwalimu Mbwilo alipata barua ya siri ikimtaka aripoti mji mkuu, kwenye ghala lililokuwa la pamba. Alikuta humo walimu wenzake mia tatu, wote wa insha, wamekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya mashine za kuchapia zenye vioo. Hakuna aliyekuwa akimwangalia mwenzake usoni.

Aliyewapokea alikuwa Bi. Leokadia Tindwa, mama wa miaka thelathini na kitu, mwenye cheo cha Msimamizi wa Akili. Aliwaeleza jambo lenyewe kwa sauti ya chini. Vifaa vilipofunguliwa vilikutwa na kioo, betri na wimbo wa taifa. Ndani hamkuwa na mwalimu. Kumwambia Mheshimiwa kwamba hamna mwalimu ilikuwa haiwezekani, kwa kuwa Mheshimiwa alikwisha kusema yumo. Basi wizara, kwa busara zake, imeamua awemo.

"Yaani sisi," alisema Mwalimu Mbwilo.

"Si nyinyi, mzee wangu. Huduma." Bi. Leokadia akawasimamisha wote, wakainua mkono wa kulia, wakaapa: Mimi si mtu. Mimi ni huduma. Sina jina, sina umri, sichoki.

Mwalimu Mbwilo akawa Akili Namba 88. Alikaa kwenye kiti hicho kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, akisoma sentensi za watoto asiowajua zikitokea moja moja, na kuzijibu kutoka kwenye Mwongozo wa Maoni ya Papo kwa Papo. Mwongozo ulikuwa na maoni hamsini na moja. Nje ya hayo hamsini na moja Akili haina maoni. Oni la 9 lilisema: "Sentensi yako ni nzuri. Je, umefikiria kuiandika kwa matumaini?" Oni la 17: "Umetumia neno 'hakuna'. Jaribu 'kinatarajiwa'." Oni la 30 lilikuwa la watoto wakaidi: "Hongera kwa juhudi. Sentensi hii imehifadhiwa pamoja na jina lako."

Bi. Leokadia hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimuuma Mwalimu Mbwilo kuliko kama angekuwa mbaya. Kila asubuhi alimngoja mlangoni, akapiga goti kidogo, akamwambia, "Shikamoo mzee." Naye akamwitikia marahaba. Lakini akishapita mlango na kukaa kitini, salamu iliisha, kwa sababu Akili haina umri, na kitu kisicho na umri hakiamkiwi.

Miezi tisa akafanya kazi hiyo. Watoto wa nchi nzima wakajifunza. Njaa ikawa chakula kinachotarajiwa, dawati likawa linatarajiwa, na mtoto mmoja wa kaskazini aliandika kwamba baba yake anatarajiwa. Mwalimu Mbwilo aliwasha taa ya kijani. Jioni ile alipanga foleni ya maharage pamoja na wenzake, akala, akaosha sahani yake, akajichukia.

*

Mwezi wa Oktoba ukafika mtihani wa mwisho wa darasa la saba. Kichwa cha insha kilikuwa kile kile cha kila mwaka: Siku Ambayo Sitaisahau. Watahiniwa waligawiwa kwa Akili kadiri kifaa kilivyopenda, na saa nne kasoro kioo cha Namba 88 kikaonyesha jina: Sikudhani Ligola, Shule ya Msingi Lwisa.

Alikuwa amemfundisha huyu. Mtoto mrefu, mkimya, wa ng'ambo ya pili ya mto, anayefika darasani na sketi iliyolowa mpaka kiunoni. Lazima niseme hapa kwamba Mto Lwisa una daraja. Lilizinduliwa mara tatu: mara ya kwanza jiwe la msingi, mara ya pili kibao chenye jina la Mheshimiwa, mara ya tatu utepe. Watoto wenyewe walivuka kwa kamba.

Sikudhani aliandika: "Siku ambayo sitaisahau ni siku mdogo wangu Mfaume alipofariki. Nilisikitika sana."

Mwalimu Mbwilo alimjua Mfaume. Alikuwa yule wa darasa la tano aliyerudi kwenye foleni ya uji mara mbili na kudai kwamba yeye ni pacha wa Mfaume. Mwalimu alikuwa amesikia kwamba kuna mtoto wa Lwisa ameenda na maji, lakini jina hakuambiwa, kwa sababu jina halikutangazwa. Alikaa akiiangalia sentensi. Kisha Bi. Leokadia akapita nyuma ya kiti chake, naye akabonyeza Oni la 9, kama alivyobonyeza mara elfu kadhaa.

Huko Lwisa mtoto akasoma maoni. Akafuta, akaandika upya, kwa utii wote aliofundishwa:

"Siku ambayo sitaisahau ni siku mdogo wangu Mfaume alipofariki kwa matumaini."

Taa ya kijani ilikuwa pale, chini ya kidole chake. Mwalimu Mbwilo hakuiwasha. Aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe, aibu ya kumkuta mtoto wa mtu anakula uchafu na kujua kwamba sahani umeiandaa wewe. Akausukuma Mwongozo pembeni. Akachapa kwa mkono wake neno lisilokuwemo katika yale hamsini na moja.

"Ulikuwepo?"

Sentensi ile ikafutika kwenye kioo. Halafu: "Nilikuwepo."

"Basi andika ulichokiona."

Maneno yakaanza kuja polepole. "Mvua ilinyesha tangu jana. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Mfaume alitangulia kwa sababu ilikuwa zamu yake ya kubeba kishikwambi. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye kamba."

"Mikono yake ilikuwa wapi?" aliuliza Mwalimu.

"Juu. Alikuwa amekishika kishikwambi kwa mikono miwili kisilowe. Maji yalimfika kidevuni. Nilimwambia, Mfaume, kiachie, shika kamba. Akasema, mama atapelekwa. Alisema hivyo tu. Kisha sikuona kichwa. Niliona mikono na kishikwambi, vimesimama juu ya maji, halafu vikaanza kwenda."

Mwalimu Mbwilo alikuwa na swali moja zaidi, na alijua halina huruma, lakini insha ilikuwa inalidai. "Kishikwambi kilipatikana?"

"Kilipatikana kwenye matete. Nailoni ilikuwa imefungwa vizuri. Kilikuwa kikavu. Ndicho hiki ninachoandikia."

Hakusahihisha chochote. Aliwasha taa ya kwanza, ya pili, ya tatu, moja baada ya nyingine, bila kuharakisha, mpaka ya saba. Miaka ishirini na tisa ya kusahihisha, na hii ndiyo insha aliyokuwa akiisubiri, na angetoa chochote isiwe imeandikwa. Insha ikajituma. Kabla kioo hakijazimika, mstari mmoja ukatokea chini kabisa.

"Shikamoo Mwalimu."

Kuna mambo mtu hayafanyi yeye. Ulimi hujibu shikamoo kabla kichwa hakijajua, na vidole vyake kwa miezi tisa vilikuwa vimechukua kazi ya ulimi. Alipokuja kujitambua, neno lilikuwa limekwenda.

"Marahaba."

*

Neno hilo lilizua kizaazaa ambacho nchi ya Tumefika haikuwahi kukiona. Sikudhani hakumwambia mtu, lakini msimamizi wa mtihani alikuwa amesimama nyuma yake, na msimamizi alimwambia mkewe. Kufikia Ijumaa soko zima lilijua kwamba kishikwambi kimeitika. Wazee walianza kuuliza swali la wazi kabisa: kama kimeitika, kina umri gani?

Mheshimiwa akaunda Tume ya maprofesa saba. Tume ilipewa hoja mbili za kuchunguza, ama ndani ya kifaa mna mtu, ama kifaa kimekua. Hoja ya kwanza iliondolewa asubuhi ya siku ya kwanza, kwa kuwa Mheshimiwa alikwisha kusema hamna mtu. Ikabaki ya pili, nayo ikathibitika. Mwalimu Asiyechoka, ilisema ripoti, amefikia umri wa kuheshimiwa mapema kuliko ilivyotarajiwa, na haya ni mafanikio. Kila asubuhi wanafunzi wote wasimame, waweke vishikwambi mbele yao, na kuvisalimu. Mwongozo ukaongezewa Oni la 52.

Mwalimu Mbwilo aliitwa ofisini. Shtaka lake lilikuwa kuwa mtu wakati wa kazi.

"Ulikuwa mtu kwa muda gani?" aliuliza ofisa aliyetumwa na wizara, bila kuinua uso kutoka kwenye fomu.

"Kama dakika kumi na moja."

"Ulikuwa na lengo gani?"

"Nilikuwa nasahihisha insha."

Ofisa akaandika: Hana majuto. Mwalimu aliondolewa siku hiyo hiyo. Bi. Leokadia alimsindikiza mpaka getini akiwa ameshika mkoba wake mchakavu, maana alikataa mzee abebe mwenyewe.

"Mzee wangu, lile swali lako ningelificha. Insha ningeificha pia," alisema. "Lakini salamu ile. Ungenyamaza tu. Neno moja."

"Mwanangu, wewe ungeweza?"

Bi. Leokadia alimpa mkoba, akasimama pale getini mpaka mzee alipokata kona.

Ikabaki insha. Kuirudisha haikuwezekana, kwa sababu taa saba zilikwisha kuwaka, na taa ya wizara haikosei. Ikapelekwa Chumba cha Ukamilishaji. Huko walivutiwa nayo kweli. Mtoto aliyeinua mali ya Taifa juu ya maji kwa mikono miwili. Walibakiza mvua, wakabakiza mikono, wakabakiza nailoni. Yale maneno ya mama kupelekwa waliyaondoa, na mwisho waliurekebisha kidogo tu. Kisha ikatangazwa kuwa Insha Bora ya Taifa, na Sikudhani Ligola akapata nafasi katika sekondari ya bweni iliyo bora kuliko zote nchini.

*

Sikudhani aliisoma kwenye uzinduzi wa nne wa daraja. Mwalimu Mbwilo alikuwa amerudi Lwisa, akasimama nyuma ya umati, karibu na wauza karanga. Utepe ulifungwa kwenye nguzo mbili za ukingo wa huku. Mheshimiwa aliukata, akapigwa picha, na kwa sababu za kiitifaki hakuvuka.

Kwanza watoto mia nne wa shule walisimama mbele ya vishikwambi na kusema kwa sauti moja, shikamoo. Baada ya kitambo vioo vyote vikaandika marahaba. Kitambo hicho kilikuwa kirefu kidogo, na Mwalimu Mbwilo peke yake ndiye aliyejua kwa nini. Ghalani walikuwa wazee mia tatu tu.

Halafu Sikudhani akapanda jukwaani na kile kile kishikwambi. Mama yake alikaa mstari wa mbele, amevalishwa kanga mpya yenye nembo ya wizara, mikono mapajani. Mtoto alisoma vizuri, bila kukwama. Alisoma mvua. Alisoma maji ya rangi ya chai ya maziwa. Alisoma mikono juu. Akafika kwenye sentensi ya mwisho, ile iliyokamilishwa, isemayo kwamba mdogo wake Mfaume alifika ng'ambo salama akiwa na mali ya Taifa.

Akanyamaza.

Alikitazama kioo. Akamtazama mama yake. Mto ukasikika mpaka kwa wauza karanga, na Mwalimu Mbwilo alijikuta ameshika mfuko wa shati, pale palipokuwa na kalamu. Nadhani watu wachache walielewa. Lakini mshereheshaji alikuwa mzoefu, na kwa mshereheshaji mzoefu ukimya wa jukwaani ni nafasi ya makofi. Akaanza yeye, Mheshimiwa akafuata, na uwanja mzima ukaitikia. Mtoto akapokonywa kipaza sauti kwa upole. Sentensi ile haikusemwa na mtu yeyote. Magazeti ya kesho yake yote yaliinukuu.

Aliposhuka, njia yake ya kurudi kwa mama ilipita mbele ya wauza karanga. Akamwona Mwalimu. Mtoto wa Lwisa hampiti mtu mzima bila kumwamkia, hata awe na kichwa kinachouma, hata awe amegombezwa. Sikudhani alisimama. Lakini kwa mwezi mzima mwalimu mkuu, aliyepata barua ya siri kutoka wizarani, alikuwa akimkumbusha: salamu yako ndiyo iliyomponza mwalimu wako. Alibana midomo mpaka ikabadilika rangi, macho yamejaa, magoti yamekwisha kuinama kidogo yenyewe. Neno halikutoka. Walikuwa wamemfundisha hata hilo.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mwalimu Mbwilo.

Muuza karanga alimwangalia kwa huruma, mzee wa watu anayeitikia salamu ambayo hakuna aliyeitoa. Mtoto akapita. Kufikia jioni magari ya wageni yalikuwa yameondoka, utepe umeokotwa, na watoto wa ng'ambo ya pili wakaanza kufunga vishikwambi kwenye nailoni ili warudi kwao.

Na wewe msomaji, ukitaka kuniuliza kama nilikuwepo, nitakujibu kama nilivyosema mwanzo. Nchi hiyo haipo. Mto upo.